Kugawana Umaskini: Kauli ya Kupimwa

Kitabu cha Clifford Geertz, Agricultural Involution, kilichotoka mwaka 1963, kina hoja yenye mvuto. Waholanzi walipoanza mwaka 1830 kuwalazimisha wakulima wa Jawa kulima miwa na mazao mengine ya kuuzwa nje, watu walizidi kuongezeka, na makonde ya mpunga yakawapokea wote. Kila mmoja akapata kisehemu cha kazi na cha chakula. Huko mwandishi akakuita kugawana umaskini.

Sifa yake hatuikatai: ameonyesha kwa ufasaha jinsi konde lililotunzwa kwa mikono mingi linavyozidi kutoa. Walakini, konde hilo ni la nani? Hapo ndipo kitabu kinapopwaya. Kwake yeye, wanakijiji ni wenye kutoshelezwa kidogo na wenye kupungukiwa kidogo tu. Lakini vijijini walikuwapo wenye ardhi, na walikuwapo waliojenga juu ya kiwanja cha mwenzao. Mvunaji, mara nyingi mwanamke, alikata suke mojamoja kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani, akalipwa fungu la mavuno. Katika miaka ya 1970 wenye makonde wengi waliuza mpunga ungali shambani. Mfanyabiashara akaja na wavunaji wake wenye miundu, na jirani akakosa fungu lake. Kama umaskini ulikuwa wa wote, nani alikuwa na uwezo wa kumzuia jirani asivune?

Mwalimu akisomeshapo kitabu hiki, asiliache neno "kugawana" lipite bila swali: nani agawaye, na nani apokeaye?