Jina Moja, Hali Mbili: Uhakiki wa Istilahi "Mtindio wa Ubongo"

Istilahi isiyo na mpaka humdhuru yule anayeitwa kwayo. "Mtindio wa ubongo", au "utindio", hutumika katika maandishi ya Kiswahili kwa maana mbili: ulemavu wa akili, na ulemavu wa viungo utokanao na kuumia kwa ubongo wa mtoto kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baadaye kidogo. Hali hizo huweza kukutana katika mtoto mmoja, lakini si hali moja. Wapo wengi ambao mkono haushiki kalamu na ulimi hautamki vema, ilhali akili yao ni timamu.

Mjini Lubumbashi tatizo hili lina sura ya pekee. Hospitalini hali ya mtoto hutajwa kwa Kifaransa. Nyumbani, katika Kiswahili cha mji, huitwa "kilema", wingi "bilema". Na katika baadhi ya vyumba vya maombi hutajwa "bulozi". Kati ya majina hayo, ni la mwisho tu linalodai kumweleza mama sababu kwa lugha yake. Hapo ndipo lilipo shina la nguvu yake. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto imeharamisha tuhuma hiyo, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Hata hivyo, sheria huzuia tuhuma. Haileti maelezo ya kushika nafasi yake.

Wanaotaka "zezeta" na "taahira" yaachwe, na badala yake isemwe "mtu mwenye ulemavu wa akili", wana hoja nzito, kwani utu umetangulizwa. Lakini adabu pekee haitoshi. Jina la heshima linalochanganya hali mbili bado litamfungia mtoto mlango wa darasa.

Hapana budi, basi, "utindio wa ubongo" ubakie kwa ulemavu wa viungo peke yake, na utenganishwe na "ulemavu wa akili" na "usonji". Kila jina liambatane na maelezo mepesi: nini kimetokea, mtoto anaweza nini, na msaada upi unafaa, kama vile mazoezi ya viungo, kiti cha kumkalisha wima, au ubao wa picha wa kumwezesha kusema.

Mtihani wa istilahi haumo katika kamusi. Umo katika swali hili: je, mama wa Katuba, akirudi kutoka hospitalini, ataweza kumweleza mama mkwe kwa nini mtoto hajakaa, na kwa nini hapana wa kulaumiwa?