Mgeni Mpe Jembe: Maandiko Huria katika Shule za Shinyanga na Geita

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule zetu za serikali amefika mgeni wa namna mpya, yaani maandiko huria ya elimu. Hayo ni vitabu, hadithi na mafunzo ambayo wenyewe wamemruhusu kila mtu ayachukue bila malipo, ayanakili, ayafasiri na kuyabadili. Jina lao lilizaliwa katika mkutano wa UNESCO huko Paris mwaka 2002, na mwaka 2019 shirika hilo lilipitisha pendekezo la kuyahimiza ulimwenguni kote. Sisi twamkaribisha mgeni huyu, kwa kuwa watoto wetu ni wengi na vitabu ni vichache. Lakini hatuna budi kujiuliza: je, jembe tumempa?

Kuyapatia makao maandiko ya ugenini si kazi mpya kwetu. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kwa neno hilo moja alimwonyesha msomaji wa Tanzania mahali pa kusimama ili autazame mchezo ule. Huko ndiko kufasiri kwa mtu anayewajua wasomaji wake.

Kazi nyingi tunazoziona siku hizi hazifiki hapo. Mfasiri humwondoa John na kumweka Masanja, huliondoa tufaha na kuliweka embe, kisha husema amezingatia utamaduni. Huko ni kumvika mgeni kofia yetu na kumwacha na mawazo yake yale yale. Utamaduni haukai katika majina na matunda peke yake. Unakaa katika mambo ambayo watu huyapenda, huyaogopa na huyaamini.

Tuchukue mfano mmoja. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha mwaka 1812 hadithi ya Hansel na Gretel, watoto wawili waliopotea msituni wakaangukia mikononi mwa kizee mchawi. Haki ya kuimiliki hadithi hiyo imekwisha zamani, basi yeyote aweza kuichukua bure. Katika toleo la 1857 imeelezwa kwamba wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Mwishoni mtoto anamsukuma kizee ndani ya tanuri, naye anateketea, na watoto wanarudi nyumbani kwa furaha.

Sasa tuipeleke hadithi hiyo darasani Shinyanga. Tumwite mtoto wa kiume Masanja, na wa kike Kabula. Nyumba ya mikate tuifanye nyumba ya matobolwa. Kila kitu kitaonekana kuwa cha kwetu. Lakini Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao aghalabu ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi, kwa sababu bibi amepika jikoni tangu usichana wake. Mtoto akiisoma hadithi ile kisha akarudi nyumbani, atamkuta mchawi wake ameketi karibu na mafiga. Hapo kosa la mfasiri si la lugha. Ni kosa linaloweza kugharimu maisha ya mtu.

Hatusemi kwamba hadithi za kigeni zipigwe marufuku. Hadithi hiyo isipewe watoto wadogo kama ilivyo. Bali wanafunzi wa sekondari wanaweza kuisoma kwa uhakiki. Mwalimu na awaulize: nani amesema macho mekundu ni dalili ya uchawi? Moshi hufanya nini machoni? Maswali hayo ndiyo jembe tunalolisema.

Tena kuna mafunzo ambayo yakilimwa vizuri yatazaa kuliko yalikotoka. Somo la kuhifadhi misitu, lililoandikwa kwa miti ya Ulaya, lipewe ngitili, yaani eneo ambalo Wasukuma hulifunga ili majani na miti vistawi, mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa kuirudia desturi hiyo. Miti ikiwapo, kuni zipo, na haja ya kuchoma samadi hupungua. Basi somo la ngitili na somo la macho ya bibi hukutana.

Vivyo hivyo Geita. Kitabu cha ugenini hueleza zebaki kwa kutaja kipimajoto. Mtoto wa Geita ameiona zebaki katika karai: mchimbaji mdogo huichanganya na unga wa mawe, ikashika dhahabu, kisha huichoma motoni. Mvuke wake ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huwa hatarini zaidi. Somo lisilosema hayo huko Geita limefasiriwa, lakini halijafundishwa.

Mafunzo ya walimu ya TESSA, yaliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na ambayo yapo pia kwa Kiswahili, yanastahili sifa kwa kumtaka mwalimu atumie mazingira na wazee wa mahali pake. Njia hiyo ni njema. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuifuata peke yake. Apewe muda, awe na wenzake wa kushauriana nao, na mabadiliko yake yahifadhiwe ili shule ya jirani ifaidike.

Ruhusa ya kubadili tumekwisha kupewa. Kuitumia ni wajibu wetu, maana mwenye kitabu hamjui bibi wa Shinyanga wala karai la Geita. Sisi twawajua.