Baraza la Kusadikika na Sauti ya Mwanachama

Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, ni kifupi kwa kurasa na kirefu kwa maana. Karama, aliyetaka elimu ya sheria ienee nchini, anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya Mfalme Jeta. Utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya heri. Kila mmoja alirudi na faida, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mwishowe mfalme anashawishika, na Karama anaachwa huru.

Sifa ya hadithi hii ni kwamba yafichua ugonjwa wa jumuiya nyingi: kuwaadhibu wale wanaoletea jumuiya habari inazozihitaji. Taita iliuonja ugonjwa huo kabla kitabu hakijaandikwa. Taita Hills Association, chama kilichotetea ardhi ya Wataita, kilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940, na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

Hata hivyo, msomaji makini ataona upungufu. Karama anashinda kwa kuwa mfalme amekubali kusikiliza. Lau Jeta angaliziba masikio, ufasaha wote wa Karama usingalifaa kitu. Raia wa Kusadikika hawapigi kura wala hawana njia ya kumwondoa Majivuno. Sauti yao imo kinywani mwa mtu mmoja hodari, na haki yao imo mkononi mwa mtu mmoja mwenye huruma. Haki ya namna hiyo ni ya kuazima. Mwenyewe aweza kuidai wakati wowote.

Pengine mtu atasema kwamba mwandishi aliishi chini ya wakoloni, akalazimika kusema kwa mafumbo. Ni kweli, na kule kumfanya Karama adai elimu ya sheria kwaonyesha kwamba alijua dawa ilipo. Lakini hadithi inakoma mlangoni pa sheria. Yatupasa sisi kuingia ndani.

Tuangalie vyama vya siasa vya Kenya. Mwaka 1988, KANU ilipokuwa chama pekee kilichoruhusiwa, wanachama walichagua wagombea wa ubunge kwa mlolongo, yaani kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa, bila kura ya siri. Mstari ukishavunjika haukuacha karatasi ya kuhesabiwa tena; na kulikuwa na malalamiko mengi kwamba mistari mifupi ilitangazwa kushinda mirefu. Mwanachama alisimama juani, akaonekana na kila jicho, na bado hakusikika. KANU yenyewe iliuacha mtindo huo mwaka 1990.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 91, inaagiza kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Lakini sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 inaruhusu chama kuteua wagombea kwa kura za wanachama walioandikishwa au kwa wajumbe. Hapa neno la Kusadikika linaturudia: mjumbe. Mjumbe aliyechaguliwa na watu wa tawi lake huchukua sauti yao. Mjumbe aliyechaguliwa na wakubwa huchukua sauti ya wakubwa, hata akiwa jirani yetu.

Wananchi wasiosikizwa chamani hawakosi mahali pa kusemea. Mwaka 2022 kaunti ya Taita Taveta, yenye mji wa Voi, ilimchagua Andrew Mwadime kuwa gavana, naye alikuwa mgombea huru asiye na chama. Tukio hilo halithibitishi kwamba vyama havifai. Linaonya kwamba tiketi ya chama si hati ya kumiliki mioyo ya watu.

Basi Kusadikika na kisomwe kwa heshima na kwa maswali. Tumsifu Karama kwa ushujaa, lakini tusitamani chama kinachohitaji mashujaa ili neno la kweli lisikike. Chama chema ni kile ambacho mwanachama mnyonge, asiye na ufasaha wala jina, ana daftari lenye jina lake, kura ya siri, na mkutano ambao kiongozi hana budi kuuhudhuria na kujibu. Palipo na hayo, hata Jeta mwenye masikio mazito atasikia.