Nani Fanani, Nani Hadhira? Kiuno Katika Uhakiki wa Taarab

Wahakiki wetu wa taarab wana masikio makubwa na macho madogo. Huuchukua wimbo wakauandika kwenye karatasi, wakahesabu mizani, wakasaka tamathali za usemi, kisha wakatoa hukumu: huu unajenga, huu unabomoa, na mipasho, eti, ni matusi yaliyovikwa khanga. Mwanafunzi anatoka darasani akijua nani alitunga na nani aliimba. Aliyesimama kuucheza hamjui, wala hakuambiwa amtafute. Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si dogo, kwani sehemu kubwa ya maana ya taarab ya leo imekaa kiunoni. Msicheke. Tutafika hadi Segerea, lakini hapana budi tupitie Cairo kwanza.

Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake wa burudani mjini Cairo. Ngoma ya kiuno iliyokuwa ikichezwa maharusini na mitaani aliipandisha jukwaani, akaiwekea okestra, taa na mavazi ya kumeta. Mikononi mwake walipita Tahia Carioca, aliyepata jina hilo kutokana na ngoma ya Kibrazili, na Samia Gamal. Halafu ikaja kamera. Katika filamu ya Afrita Hanem ya 1949, Samia Gamal ni jini anayemtokea Farid al-Atrash, na kila Farid anapoimba sisi tunamtazama yeye. Naima Akef naye alitoka kwenye sarakasi ya familia yake. Alifariki 1966 akiwa bado kijana. Hicho ndicho kinachoitwa kipindi cha dhahabu, na sababu mojawapo ya kukiita hivyo ni kwamba kina majina na kina picha.

Kina uhakiki pia. Mwaka 1990 Edward Said, profesa wa fasihi, Mpalestina aliyekulia Cairo, aliandika makala ndefu ya kumsifu Tahia Carioca, ambaye alimwona jukwaani akiwa kijana. Hoja yake ilikuwa kwamba ubora wa mchezaji yule haukuwa katika wingi wa kutikisika bali katika uchache wake. Alimsoma kama matini. Hebu tujiulize ni mhakiki gani wa hapa kwetu ameshamfanyia hivyo mwanamke mmoja tu wa taarab.

Tena sisi Misri tunaijua. Masimulizi ya Unguja yanasema Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa. Hapa Dar es Salaam klabu moja ilijiita kabisa Egyptian Musical Club, na mpinzani wake alikuwa Al-Watan. Tulichukua ganuni, udi, fidla, viti vilivyopangwa kwa heshima, mpaka jina la nchi yao. Mchezaji hatukumchukua. Yeye alibaki kwenye kitambaa cha sinema. Nadhani hapo ndipo uhakiki wetu ulipopatia kilema chake: ulizaliwa kwenye kumbi ambamo watu walikaa chini wakasikiliza. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alitujengea picha ya mwanamke mwenye sauti na tabia. Sisi tuliomfuata tumeendelea na sauti tu.

Asije mtu akasema basi kiuno nacho tumekiazima. Kiuno kilikuwapo. Kilikuwa unyagoni, ambako mwari hufundwa kwa ngoma, nyimbo na viungo vyake mwenyewe, na kibwebwe hufungwa pale pale ambapo mchezaji wa Cairo hufunga shela yake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimtunukia tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na magazeti yakaandika zaidi kuhusu sauti yake. Nusu nzima ya usanii wake, ya kupiga msondo na kufunda wari, ikatajwa kama kachumbari pembeni ya pilau. Na kama mtu anautaka ule uchache wa Carioca, autazame lelemama wa Mombasa: wanawake wamejipanga, mikono inatikisika kidogo tu, na maneno yanayoimbwa yanawachoma wapinzani wa chama kingine.

Ndipo ikaja miaka ya 1990. TOT ina Khadija Kopa, Muungano ina Nasma Khamis, na mji mzima umegawanyika. Wahakiki wakalalamikia maneno. Lakini angalia ukumbi: mpasho haujakamilika mpaka mtu ainuke. Mwanamke anatoka kitini, anakuja taratibu na noti mkononi, anacheza ubeti uleule unaomhusu, anamtunza mwimbaji, na njiani anageuza kiuno kuelekea meza fulani. Mwimbaji hakutaja jina la mtu, kiuno kimelitaja. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga, ameonyesha katika kitabu chake cha 2002 kwamba kutunza ni kusema. Sasa huyu mama ni fanani au hadhira? Vitabu vyetu vya fasihi simulizi vinatenganisha hao wawili kwa mstari ulionyooka. Kiuno kinaupinda.

Ataibuka mtu aseme wachezaji wenye majina tunao, wanenguaji wa dansi. Kweli. Aisha Madinda wa Twanga Pepeta, aliyefariki 2014, alijulikana kuliko waimbaji wengi. Lakini yeye aliajiriwa kucheza, kama Samia Gamal, na walioandika habari zake ni waandishi wa magazeti ya udaku. Sisi wa fasihi tulikuwa maktaba.

Nilihudhuria sherehe moja Segerea, ya kumfunda bi harusi, turubai limefungwa uani. Mwimbaji hakuwapo, ni spika mbili na kijana wa muziki. Ukapigwa wimbo wa mipasho. Akainuka mama mmoja mnene, dera la kijani, akajifunga khanga kiunoni. Hakukata mauno. Alikwenda hatua kama kumi hivi, na kila hatua kiuno kilijibu mara moja tu, taratibu, kama mtu anayetia sahihi. Wanawake wa upande mmoja wakapiga vigelegele, wa upande wa pili wakatazama simu zao. Alipofika mbele hakukuwa na wa kumtunza, akasimama kidogo, halafu akaiweka noti nyekundu juu ya spika na kurudi kitini bila kugeuka. Mshereheshaji alitangaza jina la wimbo na jina la mwimbaji. Yule mama alimwita "mama wa kijani".