Buluu na Chaki

Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alibuni sianotaipu, picha ya buluu inayotokana na chumvi za chuma na mwanga wa jua. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuchapa kwa njia hiyo kitabu chake cha mwani wa Uingereza. Baadhi ya kurasa zake zina alama ya maji ya kiwanda cha karatasi cha Whatman, na buluu yake ingali imekolea. Wachapaji wa leo wakiiona, roho huwauma.

Wana haki. Karatasi nyingi nzuri za siku hizi hutiwa chaki kiwandani ili zisigeuke manjano na kukatikakatika zikizeeka. Mchora rangi za maji hushukuru. Mchapaji wa sianotaipu analia, maana chaki ni alikali, na buluu ile haiwezani na alikali: hufifia, likabaki doa la manjano. Kinachoipa karatasi umri mrefu ndicho kinachoiua picha! Tena kiwanda kinaweza kubadili mchanganyiko kimyakimya. Jina lile lile, bei ile ile (nayo si ya mchezo), kumbe karatasi ni nyingine.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Fundi haamini lebo. Hukata kipembe cha karatasi, akadondoshea tone la asidi, akainama kutazama. Vipovu vidogo vikichemka, chaki imo. Basi huiloweka karatasi katika asidi hafifu ya sulfamiki, ile ile ya kuondolea ukoko wa chokaa kwenye birika, hadi mapovu yakome, kisha huisuuza na kuianika. Ikikauka huiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasaka vidoa vyeusi vya punje za chuma.

Punje hizo ni adui wa zamani. Katika karne ya 19 karatasi za picha zilitengenezwa kwa matambara, na vifungo vya nguo vilisagwa humo humo; maji yenye chuma nayo yaliongeza balaa. Ndiyo maana soko la karatasi za picha lilishikwa na viwanda vya Rives, Ufaransa, na Malmedy, mji ulio Ubelgiji leo, kwa sababu ya maji yao safi.

Siku hizi zipo karatasi za kazi hii hasa, kama Arches Platine. Ni nzuri, lakini hazimwondolei mtu wajibu wa kujaribu.

Wewe unayeanza, ukipata karatasi iliyokubali, nunua ya kutosha kutoka mzigo huo huo, andika tarehe nyuma kwa penseli, na usimkopeshe mtu.