Kung'atuka na Ruksa: Lugha ya Wananchi katika Mabadiliko ya Uongozi ya 1985

Tarehe 5 Novemba, 1985, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alimkabidhi Ndugu Ali Hassan Mwinyi madaraka ya Urais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Waandishi wa historia na wa siasa wamekwisha kulieleza tukio hilo kwa marefu na mapana, nasi hatuna haja ya kuyarudia waliyoyasema. Linalotushughulisha hapa ni jambo ambalo aghalabu hupitwa bila ya kutazamwa, nalo ni lugha. Wananchi walipoambiwa kwamba kiongozi wao wa tangu Uhuru anaondoka kwa hiari yake, walisema nini, na kwa maneno gani? Swali hili ni la mhakiki wa fasihi kama lilivyo la mwanahistoria, maana hisia za umma hazihifadhiwi katika hati za Serikali. Huhifadhiwa katika mashairi, nyimbo, utani na majina ya kupanga.

Msomaji kijana hana budi kwanza akumbushwe jinsi hali ilivyokuwa. Mtu aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, alikuwa amefikia umri wa kuoa na kuolewa pasipo kumjua mkuu mwingine wa nchi. Kwake yeye maneno "Rais" na "Mwalimu" yalikuwa ni mamoja. Tena jirani zetu walikuwa wamebadili viongozi kwa njia nyingine. Kenya ilimpata Rais wa pili mwaka 1978 baada ya Mzee Jomo Kenyatta kufariki dunia. Na nchini Uganda, miezi michache tu kabla ya Novemba ile, majeshi yalikuwa yamempindua Rais Milton Obote. Kifo na bunduki zilikuwa njia zinazofahamika. Kiongozi mwenye afya njema kuinuka kitini na kusema imetosha, hilo halikuwa na jina katika mazungumzo ya kila siku.

Jina lilitolewa na Mwalimu mwenyewe: kung'atuka. Wengi wamelieleza neno hili kuwa limetoka katika Kizanaki, lugha ya kwao, likiwa na maana ya wazee kuliachia rika linalofuata madaraka ya kijamii. Sikio la Mswahili, hata hivyo, lililipokea kwa namna yake. Sisi tunalo neno ng'ata, na tunacho kiambishi kinachobatilisha tendo, kama katika kunja na kunjuka, ziba na zibuka. Kwa sikio hilo, mwenye kung'atuka ni yule aliyekuwa ameuma kitu kwa meno akakiachia. Hatudai kwamba hiyo ndiyo asili ya neno. Tunasema kwamba ndivyo lilivyosikika, na ndiyo sababu moja ya watu kulicheka, kulipenda na kulitumia mara moja. Haukupita muda likawa la kila mahali: mwenyekiti wa kijiji aling'atuka, mlinda lango mzee wa timu ya mpira aling'atuka, hata babu aliyeacha kuvuta tumbaku alisemekana ameng'atuka. Neno la siasa likishafika kwenye tumbaku ya babu, limekubaliwa.

Sasa tuyatazame mashairi. Kurasa za mashairi za magazeti yetu, Uhuru na Mzalendo yakiwa miongoni mwake, zilikuwa uwanja wa wananchi wa kawaida: walimu, makarani, wakulima, askari. Shairi la namna hii twalifahamu sote. Mtunzi humwomba mhariri nafasi, humtaja Mola, huleta hoja yake kwa mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho, hukariri kibwagizo, kisha hutaja jina lake la kishairi na mji anaotoka. Utaratibu huu una adabu kubwa, nao umewapa nafasi watu ambao hawangepata jukwaa jingine lolote. Lakini ulipofikia kumuaga Mwalimu, ulionyesha pia udhaifu wake.

Udhaifu wenyewe umo katika sitiari. Mashairi ya kuaga hupenda mbili: kiongozi kama nahodha wa chombo, na kiongozi kama baba. Ya nahodha haina madhara makubwa. Chombo huweza kubadilishiwa nahodha bandarini, na abiria wakaendelea na safari. Ya baba ndiyo yenye taabu. Baba hang'atuki. Baba akiondoka nyumbani, waliobaki huwa mayatima, na yeyote ajaye huwa baba wa kambo. Mshairi anayemwita Rais baba, kisha akamkaribisha Rais mpya kwa furaha ubeti wa mwisho, amejifunga mwenyewe kamba miguuni: ama kilio chake si cha kweli, ama ukaribisho wake ni wa midomoni. Hatusemi kwamba watunzi hawa walikuwa wanafiki. Majonzi yalikuwapo, na hofu pia ilikuwapo. Wako waliouliza kwa dhati kama nchi ingekaa salama. Tunasema tu kwamba sitiari waliyoirithi kutoka katika sifa za masultani na machifu haikutosha kubeba jambo jipya lililokuwa mbele yao, yaani raia wazima, wenye kura, wanaomwona mtumishi mmoja akiondoka na mwingine akiingia.

Kwa hiyo neno moja la kung'atuka lilikuwa na fikra kuliko mashairi mengi yaliyolipamba. Mzee wa rika akiachia nafasi yake, haendi kaburini. Hubaki kijijini, huulizwa shauri, na kijana aliyeshika nafasi hujua kwamba anatazamwa. Picha hiyo ilikuwa sahihi kuliko pengine ilivyokusudiwa. Mwalimu alikiachia kiti cha Urais, walakini aliendelea kuwa Mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi hadi mwaka 1990. Katika nchi ya chama kimoja, ambako Chama kilishika hatamu, hilo halikuwa jambo dogo. Ushairi wa kuaga haukuwa na mahali pa kuliweka. Utamwagaje kwa machozi mtu ambaye bado ni mwenyekiti wako?

Tuje kwa aliyepokea. Miaka ya mwanzo ya themanini ilikuwa ya dhiki. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Sabuni, sukari na unga vikawa vitu vya foleni. Milango ya biashara ilianza kulegezwa katika bajeti ya 1984, Mwalimu angali madarakani, lakini mavuno yake yalionekana zaidi wakati wa Rais Mwinyi, hasa baada ya mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi madukani, bei zikapanda, shilingi ikashuka. Wananchi wakampa Rais wao jina: Mzee Ruksa.

Hapa yafaa tulinganishe. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi alipochukua uongozi alijitangazia mwenyewe neno lake, Nyayo, akiahidi kumfuata aliyemtangulia. Neno hilo lilitoka juu likashuka kwa watu, likachapwa, likaimbishwa watoto wa shule. Ruksa lilifuata njia iliyo kinyume. Tazama pia umbo lake: si ruhusa, neno la barua na la ofisini, bali ruksa, kama linavyotamkwa kibarazani. Na ndani yake zimo sauti mbili. Mama aliyepata sabuni bila ya kupanga mstari alilitamka kwa shukrani. Mfanyakazi aliyeona mshahara wake hautoshi wiki mbili, na mwenye gari jipya haulizwi amelipataje, alilitamka kwa namna nyingine, herufi zilezile. Mhadhiri angehitaji kurasa ishirini kuieleza hali hiyo ya watu kupenda na kulaumu jambo moja kwa wakati mmoja.

Walimu wanaofundisha tafsiri ya Mwalimu ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kurekebishwa 1969, wanayo hapo nafasi nzuri. Katika tendo la tatu wananchi wa Roma wanamsikiliza Brutus, na mmoja wao anataka afanywe Kaizari. Muda si muda wanamsikiliza Antonio, wanatajiwa drakma 75 za wasia, na wanakwenda kuchoma nyumba. Baadaye wanamkamata Sina mshairi, na hata anapowaeleza kwamba siye Sina mwenye hatia, wanamshambulia kwa ubaya wa mashairi yake. Wanafunzi hucheka hapo. Ni vyema waulizwe pia kama umma huo ndio umma wote. Shakespeare amewapa watu wake masikio na mikono, lakini hakuwapa lugha yao wenyewe; hawabuni neno hata moja, hurudia tu waliyoambiwa na msemaji wa mwisho. Aliyeitafsiri tamthilia hiyo alikuja kuwaachia madaraka watu ambao hawakuchoma nyumba ya mtu, wakalichukua neno lake wakalitumia kwa babu na tumbaku, kisha wakamtungia mrithi wake neno jingine ambalo hakuna aliyewaamuru.

Mwaka 2021 Rais mstaafu Mwinyi alichapisha kitabu cha maisha yake, akakipa jina Mzee Rukhsa. Utani wa kibarazani ulikuwa umepanda hadi kwenye jalada, na kh ya Kiarabu imerudishwa mahali pake kama nguo iliyopigwa pasi. Alipofariki tarehe 29 Februari, 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, jina hilo lilitumika katika maombolezo nchi nzima kwa heshima tupu. Wengi waliolitamka siku hizo walikuwa vijana ambao hawakupata kusimama foleni ya sabuni, na ile sauti ya pili hawakuisikia.