Tembo la Mnazi na Saa Zake

Mvinyo mwekundu wa Barolo, unaotokana na zabibu za Nebbiolo katika vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kisheria hauuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, na kati ya hiyo 18 sharti ipite ndani ya mapipa ya mbao. Sababu ni wingi wa tanini, yaani viambata vya maganda na mbegu za zabibu vinavyoacha ukakasi mdomoni, ambavyo hulainishwa na muda, na mezani hulainishwa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa moto mdogo hadi ikalegea. Pwani ya Bagamoyo nayo ina kinywaji kinachostahili kuchambuliwa kwa makini hayohayo, ila umri wake huhesabiwa kwa saa.

Kinywaji hicho ni tembo la mnazi, na ustadi wake wote uko kileleni. Mgema huchagua karara, yaani ala inayofunika maua ya mnazi, kabla halijapasuka. Hulifunga, huligongagonga taratibu na kuliinamisha kwa siku kadhaa, kisha hukata ncha yake na kuning'iniza kibuyu chini yake. Tangu hapo hupanda asubuhi na jioni kuchonga kipande chembamba kwa kotama, kisu kipana kilichopinda, kwa kuwa jeraha likikauka utomvu hukoma, na akichonga kwa pupa karara humalizika kabla ya wakati wake. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kibuyu cha tembo ni nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa.

Utomvu unapodondoka ni mtamu na hauna kileo. Hamira za asili, vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa kileo na gesi, huuvamia papo hapo, hasa zile zilizosalia katika masimbi, yaani mashapo, ya tembo la jana, na hapa ndipo mgema anapofanya uamuzi unaomtofautisha na mkwezi wa kawaida: akisafisha kibuyu vizuri, tembo hubaki tamu kwa muda mrefu zaidi, akiacha masimbi kidogo, huchachuka upesi. Methali inayomtuhumu kutia maji tembo lake akisifiwa imemwonea kidogo, maana mnywaji mzoefu hulitambua tembo la maji kwa funda la kwanza.

Kuliandalia chakula, basi, ni kujua saa. Tembo tamu hupendeza na muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma, ambao ladha yake tulivu haishindani na utamu. Likianza kutoa povu, likiwa na utamu na uchachu kwa pamoja, hulingana na pweza na samaki wa kuchoma wenye chumvi na pilipili, kwa sababu gesi husafisha ulimi na utamu uliosalia hupoza ukali. Tembo kali, lililokaa takriban siku nzima na kupoteza karibu sukari yake yote, linahitaji mafuta: samaki wa kukaanga au nyama ya mbuzi yenye unono. Kitu kimoja lisichopatana nacho ni nanasi, tunda lililoipa umaarufu Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, kwani uchachu juu ya uchachu huua ladha ya vyote viwili. Nanasi lingojee chakula kiishe.

Wako wengi pwani ambao dini yao haiwaruhusu kunywa tembo, lakini jiko la pwani halikulitupa kabisa: tembo lilitumika kuwa chachu ya kuumua vitumbua, na linapopita ukali wake bakteria hugeuza kileo kuwa asidi, likawa siki ya kutia kwenye achari na kachumbari. Mvinyo wa Barolo ukifikia hatua hiyo huhesabiwa kuwa umeharibika. Tembo hubadilisha kazi tu.